Glasi ya Tatu Ukutani

Kabla hamjanihukumu, jueni kwanza kwamba njia ile ni yangu. Yangu na Annerose. Tumeikimbia miaka ishirini na miwili, kila Jumanne na kila Ijumaa, mvua inyeshe, theluji ianguke. Kabla yetu hakuna mtu wa Lenzbach aliyeithubutu, kwa sababu watu wa kijiji chetu wakipanda mlima wa mizabibu wanapanda kwa kazi, kapu mgongoni, si kwa kukimbia na kaptula. Wazee walisema tumechanganyikiwa. Mume wangu Gisbert alisema akili zetu zimetoka pamoja na jasho. Tukacheka, tukaendelea.

Inaanzia kwenye gati la kivuko, inafuata mto Mosel nyuma ya kambi ya watalii, halafu inakata kulia na kupanda ngazi za mawe katikati ya mashamba yaitwayo Kiti cha Mtawa. Ngazi mia tatu na kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi kuliko shanga za rozari yangu. Mteremko ule ni mkali hivi kwamba ukiangusha mkasi wa kupogolea shambani kwako unaukuta kwa jirani wa chini, na zabibu zenyewe huteremshwa kwa kigari cha reli moja kinachokoroma kama babu aliyeshiba. Juu kuna kikanisa, kisha ukingo wa mlima, kisha unashuka kwa upande wa machimbo mpaka nyumbani. Kilomita kumi na moja.

Annerose ndiye aliyekuwa akitangulia siku zote. Mimi nyuma, natweta, natazama visigino vyake. Ni mwembamba, ana miguu ya mbuzi, na tangu tukiwa wasichana wa kwaya alikuwa mbele yangu kwa kila kitu isipokuwa kuolewa. Sikuwahi kuona vibaya. Mtu akiwa wako, kuwa nyuma yake si taabu.

Nyuma ya kikanisa, kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke, kuna tundu lenye ukubwa wa mkate. Humo tuliweka chupa ya mvinyo wa shamba lake na glasi mbili ndogo zenye vishikio vya kijani, zimefungwa kwa kitambaa. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulikunywa kidogo tu, kina cha kidole kimoja kila mtu, tukitazama mto unavyojikunja huko chini, tukawasengenya watu wote ambao paa zao tuliziona. Kisha tunafuta glasi, tunarudisha, tunashuka. Hata Gisbert hakulijua tundu lile.

Mwezi wa Februari akaja Svenja.

Svenja ni mwalimu, alikuja kufundisha shule yetu ya msingi akitokea Hamburg, kule ambako nchi ni tambarare hata ukisimama juu ya kiti unaona kesho kutwa. Ana miaka thelathini na sita. Ana miguu mirefu isiyo na adabu na saa ya mkononi inayomwambia kila kitu: mapigo ya moyo, urefu wa mlima, usingizi aliolala. Annerose alimkuta kwenye duka la mikate akiuliza watu wa hapa wanakimbilia wapi. Annerose na huruma zake. Akaniambia mgeni yuko peke yake, Hilla, tumchukue siku moja tu. Hilla ndiye mimi, Hiltrud. Yeye peke yake ndiye anayeniita hivyo.

Siku moja tu. Tukampandisha. Kule juu, mimi nikiwa nimeinama natafuta pumzi, Svenja akaitazama saa yake, akasema njia ni nzuri sana ila haina mpangilio. Ngazi zinaumiza magoti. Mteremko wa machimbo ni hatari. Yeye angeweza kutuchorea njia bora.

Njia bora. Mimi naingia mwaka wa hamsini na tano, nimezaliwa chini ya mlima huu, na mtu ana wiki tatu hapa anataka kunichorea njia.

Akaichora. Ng'ambo ya mto, kwenye msitu, pale ilipopita reli ya zamani: laini, yenye kivuli, inapanda polepole hata bibi mwenye fimbo hasikii uchovu. Akaituma kwenye simu za kijiji kizima na akaipa jina. Njia ya Anni. Anni! Tangu tukiwa wasichana mimi namwita Annerose, jina zima kama lilivyobatizwa, kwa kuwa aliniambia hapendi kukatwa jina. Na huyu baada ya wiki tatu anamwita Anni, na mwenyewe anaitika huku anacheka.

Nilipomuuliza, alisema goti lake la kushoto linaishukuru njia ile. Akanialika, lazima niseme ukweli. Alinialika zaidi ya mara moja. “Njoo nawe, Hilla, tutakuwa watatu, kuna shida gani?” Nikamjibu kwamba ng'ambo ni kwa watu wanaosukuma vigari vya watoto. Tangu hapo Ijumaa akawa anakimbia na Svenja, na Jumanne na mimi. Halafu baadhi ya Jumanne nazo zikaenda.

Mwezi Machi, kabla mambo hayajaharibika, soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imetoboka chini ya kisigino. Annerose alikaa kwenye kizingiti cha ghala lake, akakata kipande cha mraba kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akakigandisha pale kwa gundi. “Wewe bahili, utazikwa na viatu hivi,” akaniambia, akakibonyeza kiraka kwa kidole gumba mpaka gundi ikakauka. Wakati wote ule wa baridi na upweke wa Aprili, nilipokuwa nakimbia peke yangu, nilikuwa nakisikia kiraka kile chini ya mguu. Nilikuwa kama mtu anayebeba barua ya zamani mfukoni.

Ijumaa ya mwisho ya Mei nilipanda peke yangu. Nikasema nitakunywa kidole changu, na cha kwake nitakimwaga chini ili ajue siku nikimwambia. Nikaingiza mkono kwenye tundu. Chupa. Kitambaa. Glasi moja, mbili. Na ya tatu.

Ilikuwa ya duara, haina kishikio, imechorwa nanga ya bluu.

Sijui nilikaa pale muda gani na kile kiglasi cha Hamburg mkononi. Wivu una ladha, nawaambia, ni kama senti ya shaba chini ya ulimi. Kama angemleta mbele yangu ningegomba, tungegombana, tungemaliza. Lakini kumleta hapa nyuma ya mgongo wangu, kumfungulia tundu letu, kumwonyesha paa za watu wetu. Jumanne iliyofuata nilimuuliza. Alishangaa, akasema ndiyo, alimpandisha Jumatano kumwonyesha kikanisa, akasahau kuniambia. Kisha akanitazama kwa upande.

“Hilla, una wivu?”

“Wivu wa nini?” nikasema. “Mimi si mtoto.”

Sasa niwaeleze mambo ya bendera, maana bila hayo hamtaelewa nilichofanya.

Mlima wetu haupandiki kwa trekta. Kuanzia Mei mpaka mwanzo wa Agosti, dawa ya ukungu, ule ugonjwa wa majani ya mizabibu, hunyunyiziwa kwa helikopta, asubuhi na mapema kabla ya upepo, mashamba yote kwa pamoja. Tangazo hubandikwa kwenye mlango wa duka la mikate. Asiyetaka dawa anasimamisha mlingoti kwenye kona ya juu ya shamba lake na kuutundikia shuka jeupe, ndiyo bendera yenyewe. Rubani akiliona anafunga bomba, akishalipita anafungua. Sheria ya wakulima wetu ni fupi: hakuna nyeupe, unanyunyiziwa, na usimlaumu mtu.

Nyeupe kwenye Kiti cha Mtawa ilikuwa moja tu, ya Annerose. Mume wake Burkhard alikufa mapafu yamekwisha, baada ya miaka thelathini ya kuchanganya dawa hizo kwa mikono yake. Daktari hakusema kwamba ni dawa. Annerose ndiye aliyesema. Siku tuliyomzika aliniambia kwamba dawa ile haitagusa tena shamba la Burkhard, na akaanza kutafuta cheti cha kilimo hai. Cheti kinataka misimu mitatu safi, mfululizo, na wakaguzi huja kuchukua majani kuyapima. Wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita, ingawa ugonjwa ule ulimlia nusu ya zabibu na watu wakamcheka. Huu ulikuwa wa tatu. Alikuwa amebakiza kiangazi kimoja.

Kona ile ina upepo wa kishetani, na mlingoti wake ulikuwa wa mti tu. Ndiyo maana kila siku ya kunyunyizia, mimi na yeye tulianza mbio mapema, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tupite kwanza kuitazama bendera. Ikiwa imelegea tunaikaza. Haikuwa kazi tuliyopangiana. Njia yetu inapita pale pale, kwenye ngazi ya mia mbili na arobaini.

Jumanne moja ya Julai tangazo lilisema helikopta itakuja saa moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulipita dhoruba. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa gatini, nimefunga kamba za viatu, namsubiri. Niliingojea ile saa ipite, nikaongeza dakika tano, nikaongeza kumi. Hakuja. Wala hakutuma salamu. Nikapanda peke yangu nikiwa nimefura, nikihesabu ngazi kwa meno.

Kwenye mia mbili na arobaini mguu wangu ulikanyaga kitu laini. Nikatazama chini. Mlingoti ulikuwa umekatika shinani, umelala juu ya mizabibu, na shuka limetanda kwenye ngazi, limelowa, na mimi nimesimama juu yake.

Nikainama. Naapa niliinama, vidole vyangu viligusa kitambaa. Nilikuwa na dakika arobaini nzima. Ningelifunga kwenye nguzo ya mizabibu, ningelitundika kwenye reli ya kigari, ningelishika mwenyewe kwa mikono kama sina la kufanya.

Wakati ule ukungu wa mto ukapasuka, na ng'ambo, kwenye Njia ya Anni, nikaona fulana mbili. Ya njano na nyekundu. Ile nyekundu nilimnunulia mimi, siku alipotimiza miaka hamsini. Zilikuwa zinakwenda bega kwa bega, hakuna wa mbele wala wa nyuma, na ingawa mto ni mpana na sikuweza kusikia kitu, niliona kabisa kwamba wanacheka.

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti, pale peke yangu: “Basi na aje ainue yule mwenye saa.”

Na nikaendelea kupanda.

Nilipofika kikanisani bado kulikuwa na muda. Nilipokuwa kwenye ukingo wa mlima bado kulikuwa na muda, kama ningerudi kwa kasi. Nilijiambia kwamba sikuiangusha mimi. Nilijiambia kwamba shamba ni lake, bendera ni yake, atapita mwenyewe kuangalia, si mjinga. Nikashuka kwa machimbo. Nilipofungua mlango wa jikoni nikaisikia inakuja, ile mipigo mizito inayotikisa vikombe kabatini. Gisbert alikuwa dirishani na kahawa yake. Akasema leo rubani amepitiliza mpaka kwa Annerose, ama ni macho yake mwenyewe yanamdanganya? Nikamwambia macho yake yamezeeka, akae anywe.

Annerose alikuja mchana. Aliingia bila kugonga, kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na jiko akiwa na kapu magotini, lile analobebea mikate, limefunikwa kitambaa. Nikamwambia aliweke chini. Akalishika kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

“Wamenyunyizia,” akasema. “Lote. Kutoka juu mpaka chini. Majani yana madoa meupe.”

Nikakaa.

“Mlingoti ulivunjika na dhoruba,” akasema. “Hilla, ulipita leo asubuhi?”

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa pale mezani, kati ya sufuria ya viazi na miwani ya Gisbert. Nikaitazama, nikaiacha.

“Nilipita,” nikasema. “Kulikuwa na ukungu mzito. Sikuona kitu.”

Alinitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, kulikuwa na ukungu. Akainuka na kapu lake, akaenda.

Niliyafahamu yote yaliyopotea. Misimu mitatu inaanza upya kutoka mwanzo. Wakaguzi hawana mchezo. Nililia chooni, maji yamefunguliwa Gisbert asisikie. Lakini nimeahidi kusema ukweli, basi niseme wote: Ijumaa ile, saa ya kukimbia, nilipofika gatini nikamkuta Annerose amesimama pale ananingoja, moyo wangu uliruka kwa furaha. Svenja hakuwepo. Kijijini watu walikuwa wakisema kwamba njia ya ng'ambo ndiyo iliyomponza Annerose, na mimi sikumkatisha mtu. Kwenye duka la mikate walinieleza kwamba mwalimu alionekana analia kwenye gari lake. Nikasema masikini, nikanunua mikate yangu.

“Tangulia wewe,” Annerose akaniambia.

“Mimi? Tangu lini?”

“Tangu leo. Goti langu. Wewe utaniwekea mwendo.”

Basi nikatangulia. Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa, Julai iliyobaki na Agosti, mimi mbele na yeye nyuma. Nilikuwa mbele yake kwa mara ya kwanza maishani, na pumzi zangu zikatengemaa, hata tumbo likapungua. Hakuzungumza sana. Nilidhani ni huzuni, na huzuni ina haki yake. Mwisho wa Agosti nikaingiza mkono kwenye tundu la ukuta nikakuta glasi mbili tu. Ile ya nanga ilikuwa imeondoka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema sasa mambo yamerudi mahali pake, na mwakani nitamsaidia, nitampa vibarua wa shamba letu, nitamlipa kwa namna yangu bila yeye kujua.

Katikati ya Septemba, zabibu zinapolainika, meya huufunga mlima. Hakuna anayepita tena mashambani mpaka mavuno, hata wenye mashamba huingia kwa siku zao tu. Siku ya mwisho kabla ya kufunga iliangukia Ijumaa. Tulipanda vizuri, jua likiwa nyuma yetu, majani yameanza manjano. Nyuma ya kikanisa nikapangusa jasho, nikamwambia leo tunywe vidole viwili, msimu umekwisha.

Annerose akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye tundu. Akatoa chupa. Kisha akatoa glasi zetu mbili, lakini hazikufungwa kwa kile kitambaa cha siku zote. Zilifungwa kwa kitambaa kikubwa cheupe, kimekunjwa mara nyingi. Akaziweka ukutani, akakikunjua kitambaa kile kwenye majani, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Lilikuwa shuka la bendera. Katikati yake, kwa tope jeusi la mawe ya kwetu, kulikuwa na alama ya kiatu. Cha kulia. Na pale kwenye kisigino, safi kabisa, mraba mdogo wa kiraka cha mpira wa baiskeli.

Hakuniambia nigeuze mguu. Hakukuwa na haja.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu mchana ule. Lilikuwa kwenye kapu.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuuliza,” akasema. “Nilikaa jikoni kwako nikakuuliza. Ukaniambia ukungu.” Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda. “Nikasema ana hasira, zitashuka, atasema mwenyewe. Asiposema Jumanne atasema Ijumaa. Wiki tisa, Hilla. Wiki tisa nakimbia nyuma yako natazama kiraka changu kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, nasema leo, leo atasimama ageuke. Na wewe unaongeza mwendo.”

Nikaanza kusema. Nilisema glasi ya tatu, nilisema Anni, nilisema fulana nyekundu. Kila neno likitoka lilikuwa dogo zaidi kuliko lilivyokuwa tumboni. Akaniacha nimalize.

“Kuna kitu hujui,” akasema. “Asubuhi ile Svenja alinipigia simu saa kumi na moja. Alisema upepo ulikuwa mkali, twende kwanza huku tuitazame bendera. Yule mgeni. Na mimi ndiye niliyemwambia hakuna haja. Nilimwambia leo ni Jumanne, Hilla yuko kule.”

Nikakaa chini kwenye majani, karibu na shuka.

“Alilia wiki mbili akidhani yeye ndiye aliyeniponza,” akaendelea. “Akaja akachukua glasi yake, aliona aibu. Jana nimemweleza.”

“Na kijiji?”

“Kijiji hakinihusu.”

Akamimina. Vidole viwili kila glasi, kama nilivyoomba. Yeye akanywa ya kwake akiwa amesimama, anatazama mto, akafuta glasi kwa pindo la fulana, akaitia mfukoni. Ya kwangu akaiacha ukutani. Akalikunja shuka, akaliweka kwapani. Halafu akashuka kwa njia ya ngazi, anatembea. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kumwona akitembea kwenye ngazi zile.

Hakumwambia mtu mwingine, na hilo ndilo linalonitafuna. Nikikutana naye dukani ananisalimu kwa Hiltrud, jina zima, ananiuliza hali ya Gisbert. Ijumaa na Jumanne yuko ng'ambo. Mimi nina njia yote peke yangu, ngazi mia tatu na kumi na mbili, kikanisa, ukingo, machimbo, na tundu lenye glasi moja. Hakuna wa kunigombania hata jiwe.

Mwaka huu mwezi wa Mei tangazo la kwanza likabandikwa. Sikulala vizuri. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimekwisha pita gati, na nilizipanda ngazi zile kama sina mapafu ya mtu wa miaka hamsini na tano. Nilikuwa nimebeba kamba kiunoni, na nyundo, na shuka langu mwenyewe jeupe la kitanda, endapo lake limeanguka.

Kwenye mia mbili na arobaini nikasimama. Bendera ilikuwepo, imekazwa kwa waya pande zote nne. Mlingoti haukuwa wa mti tena. Ulikuwa wa chuma, mnene kama mkono wangu, umejengewa saruji mpaka chini ya mwamba. Nikausukuma. Haukutikisika hata kidogo.

Ng'ambo kulikuwa kweupe, hakuna ukungu. Fulana mbili zilikuwa zinakwenda chini ya miti. Sijui kama waliniona. Nikasikia helikopta inakuja kutoka upande wa daraja, nikaushika mlingoti kwa mikono miwili, na nikaushikilia vivyo hivyo mpaka ilipomaliza mlima wote na kuondoka.